Ufunguo wa Mshahara: Historia ya Mkopeshaji Asiye na Leseni na Ulinzi wa Akaunti ya Mfanyakazi

UTANGULIZI

Mara nyingi tunapozungumza juu ya wakopeshaji wanyonyaji, mjadala huishia kwenye riba. Tunauliza ametoza asilimia ngapi, tunashangaa, tunalaani, kisha tunatawanyika. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Mla riba wa zamani wa vijijini alitaka shamba, mifugo au mavuno yawe rehani. Mfanyakazi wa mjini hana shamba la kuweka rehani. Alicho nacho ni nguvu zake na ujira utakaokuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo, yeyote aliyetaka kumkopesha ili amnyonye alilazimika kwanza kutafuta njia ya kuufikia ujira huo kabla haujamfikia mwenyewe. Njia hiyo tunaiita ufunguo wa mshahara.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ufunguo huo ulivyobadilika sura: kwanza hati ya karatasi, kisha hundi, kisha kadi ya benki na namba ya siri, na leo idhini inayotolewa kwa simu. Tutaanza na Marekani, kwa sababu huko ndiko biashara hii ilikokomaa mapema na ndiko inakoweza kufuatwa kwa zaidi ya miaka 100 bila kukatika. Kisha tutaingia Afrika Kusini, na mwisho tutarudi nyumbani.

Hoja yetu ni moja. Mkopeshaji asiye na leseni hashindwi kwa kikomo cha riba peke yake. Hushindwa pale mambo matatu yanapokutana: mfanyakazi anabaki na ufunguo wa mshahara wake, dola inasimamia leseni kwa dhati, na pana chombo halali cha kukopa siku ya shida. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki huyumba.

KUNUNUA MSHAHARA AMBAO HAUJALIPWA

Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyomalizika mwaka 1865, viwanda na reli vilipanuka upesi nchini Marekani, na pamoja navyo lilikua tabaka la watu wanaoishi kwa mshahara. Makarani, wafanyakazi wa reli na watumishi wa serikali walikuwa na kipato cha uhakika lakini kidogo. Mtoto akiugua au kodi ya nyumba ikifika kabla ya malipo, hapakuwa na benki iliyotaka kumkopesha mtu wa aina hiyo fedha kidogo kwa muda mfupi. Pengo hilo lilikuwa la kweli, na ndimo mkopeshaji wa mishahara alimoingia.

Sheria haikumruhusu. Katika jimbo la New York, kwa mfano, riba halali ilikuwa asilimia 6 kwa mwaka, wakati yeye alitaka asilimia 10 au 20 kwa mwezi. Basi akabuni hila ya kisheria. Alisema kwamba hakopeshi, bali ananunua. Mfanyakazi alitia sahihi hati ya kumwuzia mkopeshaji sehemu ya mshahara wake ujao; akipewa dola 10 leo, anakuwa ameuza dola 12 za mwisho wa mwezi. Kwa lugha hiyo mkopo haukuwepo, na pasipo mkopo hapana riba ya kuvunja sheria.

Nguvu ya hati hiyo haikuwa mahakamani tu. Mkopeshaji aliweza kuipeleka kwa mwajiri na kudai mshahara moja kwa moja, na waajiri wengi, hasa makampuni ya reli, waliwafukuza kazi wafanyakazi waliogunduliwa kuwa wameuza mishahara yao. Mdaiwa akawa na hofu mbili, hofu ya deni na hofu ya kupoteza kazi. Alilipa riba kila mwezi ili hati ibaki kabatini, na deni lenyewe halikupungua. Aliyechelewa alipelekewa karani wa kike ambaye kazi yake ilikuwa kumkaripia kwa sauti kubwa mbele ya wenzake kazini. Msomaji aliyewahi kuona mkopeshaji wa leo akituma ujumbe wa kumdhalilisha mdaiwa kwa ndugu na marafiki zake ataona kwamba mbinu hiyo haikuzaliwa na simu. Imebadilisha chombo tu.

Mkubwa wa biashara hiyo alikuwa Daniel H. Tolman, aliyekuwa na ofisi katika miji mingi ya Marekani. Mwaka 1913 alitiwa hatiani mjini New York kwa kosa la riba haramu, akahukumiwa kifungo cha miezi 6. Magazeti yalishangilia. Lakini kumfunga mfalme hakukufuta ufalme, kwa maana karani aliyehitaji dola 10 siku ya Jumatatu alizihitaji vilevile baada ya hukumu.

SULUHISHO LA 1916 NA MIPAKA YAKE

Watu waliolichunguza jambo hilo kwa makini waliliona hivyo. Taasisi ya Russell Sage Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1907, ilifadhili uchunguzi wa biashara ya mikopo ya mishahara mjini New York, na matokeo yakachapishwa mwaka 1908. Kazi hiyo ilifikia mwaka 1916 kwa sheria ya mfano ambayo majimbo yalishauriwa kuipitisha. Sheria hiyo ilikubali jambo ambalo wengi hawakupenda kulisikia: kwamba mkopo mdogo una gharama zake, na kikomo cha asilimia 6 kwa mwaka kilikuwa kimewafukuza wakopeshaji waaminifu na kuwaachia uwanja wahalifu. Ikaruhusu riba hadi asilimia 3.5 kwa mwezi kwa mikopo isiyozidi dola 300, kwa sharti kwamba mkopeshaji awe na leseni, akaguliwe, na asitoze chochote cha pembeni.

Hapana budi tuipime sheria hiyo kwa haki. Riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi ni asilimia 42 kwa mwaka, na hakuna mfanyakazi atakayeiita zawadi. Hata hivyo ilileta tofauti ya msingi kati ya mkopeshaji anayejulikana, mwenye anwani na daftari linaloweza kufunguliwa na mkaguzi, na yule anayejificha. Leseni haimfanyi mkopeshaji kuwa mwema. Humfanya aweze kushikwa.

Njia ya pili ilitoka kwa wafanyakazi na wakulima wenyewe. Katika Ujerumani ya karne ya 19 vyama vya akiba na mikopo vilikuwa vimekwisha onyesha kwamba maskini wengi, wakiunganisha akiba zao, wanaweza kukopeshana bila mla riba. Mwaka 1897 katika Bunge la Kanada mbunge mmoja alieleza habari za mtu wa Montreal aliyeamriwa kulipa riba ya dola 5,000 kwa mkopo wa dola 150. Alphonse Desjardins, mwandishi wa kumbukumbu za Bunge hilo, aliisikia habari hiyo na kuanza kulichunguza tatizo. Mwaka 1900 alianzisha chama cha akiba na mikopo katika mji wa Lévis, jimboni Quebec. Mwaka 1909 jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria ya vyama hivyo, na mwaka 1934 ikaja sheria ya taifa zima. Vyama vyetu vya SACCOS ni wa ukoo huo.

HUNDI, KISHA AKAUNTI YENYEWE

Ulinzi huo ulidumu kwa miongo kadhaa, kisha ukalegezwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 maamuzi ya mahakama na sheria mpya viliyapunguzia majimbo ya Marekani uwezo wa kuweka vikomo vya riba. Katika miaka ya 1990 mkopeshaji wa mishahara alirudi barabarani, safari hii na taa za rangi na ofisi safi. Ufunguo wake mpya ulikuwa hundi. Mkopaji aliandika hundi yenye tarehe ya mbele, yaani ya siku ya mshahara, akaiacha kwa mkopeshaji. Ada ya kawaida ilikuwa dola 15 kwa kila dola 100 kwa wiki 2. Inaonekana ndogo, lakini mwaka una vipindi 26 vya namna hiyo, na kwa hesabu ya mwaka ni riba ya asilimia 390 na zaidi.

Baadaye hundi nayo ikaonekana nzito. Mkopeshaji wa mtandaoni aliomba namba ya akaunti na idhini ya kukata fedha humo mwenyewe. Hapa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Hati ya 1900 ilipita kwa mwajiri, na hundi ya 1995 ilipita mkononi mwa karani wa benki. Idhini ya kielektroniki haipiti mbele ya macho ya mtu yeyote. Mshahara unaingia usiku, na alfajiri umekwisha kukatwa.

Mfano uliothibitishwa mahakamani ni wa Scott Tucker wa Kansas. Mkataba wake ulimwonyesha mkopaji kwamba mkopo wa dola 300 utalipwa kwa dola 390. Kwa vitendo, kila siku ya mshahara kampuni ilikata ada peke yake na kuuahirisha mkopo wenyewe, mpaka mkopaji akawa amelipa dola 975. Ili kuyakwepa majimbo yaliyokataza riba hiyo, Tucker alijificha nyuma ya makabila ya Wahindi Wekundu yenye mamlaka yao ya ndani, akiyalipa kama asilimia 1 tu ya mapato. Waliokopa walizidi milioni 4.5. Alitiwa hatiani mwaka 2017, na Januari 2018 akahukumiwa kifungo cha miaka 16 na miezi 8. Lakini katika kesi nyingine, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Aprili 2021 kwamba tume ya biashara iliyomshitaki haikuwa na uwezo, kwa kifungu ilichotumia, wa kudai arudishe dola bilioni 1.27. Adhabu ilikuwa kubwa, na bado fedha iliyokwisha toka kwenye akaunti ilikuwa ngumu kurudi. Mlango hufungwa kabla ya mwizi kuingia.

Hasara haikuishia kwa mkopeshaji. Mwaka 2016 ofisi ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha ilichunguza akaunti za waliokopa mtandaoni kwa kipindi cha miezi 18. Nusu yao walitozwa faini na benki zao wenyewe kwa sababu mkopeshaji alijaribu kukata fedha ambayo haikuwepo, na wastani wa faini hizo ulikuwa dola 185 kwa kila aliyetozwa. Katika hao waliotozwa, mmoja kati ya watatu hivi alipoteza akaunti kabisa.

Hata hivyo mfanyakazi wa huko hakuwa bila silaha. Sheria ya mwaka 1978 juu ya uhamishaji wa fedha kwa njia ya kielektroniki inamkataza mkopeshaji kufanya idhini ya makato ya mfululizo kuwa sharti la mkopo. Inampa mwenye akaunti haki ya kuiagiza benki izuie makato ya namna hiyo, mradi atoe taarifa angalau siku 3 za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa. Na makato ambayo hakuyaidhinisha anatakiwa kuyaripoti ndani ya siku 60 tangu apelekewe taarifa ya akaunti. Haki hizo ni nzuri, lakini zinamfaa yule tu anayezijua na anayeisoma taarifa ya akaunti yake.

KADI NA NAMBA YA SIRI: AFRIKA KUSINI

Barani Afrika jambo hilo lilichukua sura ya wazi zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1992, makaburu wakiwa bado madarakani, serikali ya Afrika Kusini iliondoa kikomo cha riba kwa mikopo isiyozidi randi 6,000. Waafrika walikuwa wamefungiwa milango ya benki kwa miongo mingi, na sasa walifunguliwa mlango wa wakopeshaji wa fedha taslimu. Wakopeshaji wengi, wakiwemo wale wa mitaani wanaoitwa mashonisa, walitaka rehani ya aina moja: kadi ya benki ya mfanyakazi pamoja na namba yake ya siri. Siku ya mshahara mkopeshaji alikwenda mwenyewe kwenye mashine, akachukua chake, akampa mwenye mshahara yaliyobaki.

Serikali ya baada ya ukombozi iliunda chombo cha kusimamia mikopo midogo mwaka 1999, na sheria ya mikopo ya mwaka 2005 ikakataza waziwazi kushika kadi, namba ya siri au kitambulisho cha mtu kuwa dhamana. Je, mashonisa walitoweka? Hapana. Waliendelea pale ambapo mhitaji hakuwa na pengine pa kwenda. Wakopeshaji wengine walihamia kwenye amri za kukata mishahara zilizotolewa na makarani wa mahakama bila hakimu kuangalia kama mdaiwa atabaki na cha kula. Mnamo Septemba 2016 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba amri ya namna hiyo haiwezi kutolewa pasipo hakimu kuipima. Tunajifunza kwamba ufunguo mmoja ukinyang'anywa, mnyonyaji hutafuta mwingine. Kwa hiyo ulinzi hauwezi kuwa tendo la siku moja.

HALI HALISI HAPA KWETU

Lugha yetu imekwisha toa hukumu yake: wananchi huita mikopo hii mikopo umiza, na mingine huiita kausha damu. Walimu, wastaafu na watumishi wa ngazi za chini wamewahi kuacha kadi zao za benki na namba za siri kwa wakopeshaji, sawasawa na ndugu zao wa Afrika Kusini. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu akikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na kila mwezi akaweza kulipa riba tu, baada ya miezi 6 atakuwa amelipa shilingi 180,000, na bado anadaiwa shilingi 100,000 zilezile.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne na kumtaka kila mmoja awe na leseni au asajiliwe. Wakopeshaji wasiopokea amana wamo katika daraja la pili, chini ya Benki Kuu, na kikomo cha riba kilichotajwa kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango kilekile cha mwaka 1916. SACCOS ni daraja la tatu, na vikundi vya kijamii kama VICOBA ni daraja la nne. Mwezi Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya simu, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Jirani zetu wa Kenya waliwaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu yao kwa sheria ya mwaka 2021 na kanuni za mwaka 2022.

Katika programu hizo ufunguo umeongezeka meno. Mkopaji huombwa aruhusu simu yake isomwe: majina na namba za watu wake, ujumbe, hata picha. Rehani sasa ni heshima ya mtu mbele ya jamaa zake.

WAJIBU WETU

Kada anayefikiwa na mfanyakazi aliyebanwa na deni asimpe hotuba. Ampe hatua. Kwanza, kabla ya kukopa, jina la mkopeshaji litafutwe katika orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu, na mkataba uonyeshe kwa tarakimu jumla ya fedha itakayolipwa. Asiyetaka kuiandika jumla hiyo amejieleza.

Pili, kadi na namba ya siri hazikopeshwi. Hili halina mjadala. Aliyekwisha kuziacha aende benki akiwa na kitambulisho, aombe kadi ya zamani ifungwe na apewe mpya yenye namba nyingine. Mkopeshaji anayetegemea kadi hiyo atatishia, lakini akaunti ni ya mwenye jina.

Tatu, aliyetoa idhini ya makato aiandikie benki na mkopeshaji barua ya kuifuta, abaki na nakala yenye muhuri, na asome taarifa ya akaunti kila mwezi. Makato asiyoyatambua ayalalamikie mara moja. Ikiwa akaunti imekwisha kuwa njia ya wengi, azungumze na benki na mwajiri juu ya kufungua nyingine na kuhamishia mshahara huko. Kwenye simu, aizuie programu kusoma majina na ujumbe, na abadilishe namba ya siri ya pochi yake.

Nne, tuseme kweli hata pale isipopendeza. Kufunga mlango wa akaunti si kufuta deni. Fedha aliyoipokea mtu aliipokea, na heshima ya mfanyakazi hudai airudishe. Linalokataliwa ni riba isiyo na sheria na mkono wa mgeni ndani ya mshahara. Mdaiwa akusanye stakabadhi zake zote, ahesabu alichopokea na alichokwisha kulipa, kisha azungumze na mkopeshaji mbele ya shahidi, au apeleke shauri mahali panapohusika. Kukopa kwa wa pili ili kumlipa wa kwanza ni kuongeza mlango mwingine kwenye nyumba inayoibiwa.

Tano, na hili ndilo la msingi, tuulize kwa nini alikwenda huko. Wapo wanaosema kwamba mkopeshaji wa mitaani huwasaidia wanyonge waliokataliwa na benki. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Haja ni ya kweli, na anayeikana haja hiyo hatamwokoa mtu. Lakini haja ya mtu kupata maji haihalalishi kuuziwa maji yenye sumu. SACCOS ya mahali pa kazi ambayo humchukua mwanachama wiki 3 kumpa mkopo wa matibabu inampeleka mwanachama huyo kwa kausha damu kwa miguu yake mwenyewe. Wajumbe wa kamati wanaojikopesha kwanza na kuwaacha wanachama wakisubiri foleni wanafanya hivyohivyo. Na mwajiri anayechelewesha mishahara hapaswi kushangaa wafanyakazi wake wakiiuza kabla haijafika.

HITIMISHO

Kutoka hati ya New York hadi simu iliyo mfukoni mwetu, mkopeshaji asiye na leseni amebadilisha chombo mara nne, lakini lengo lake limebaki lilelile: kufika kwenye mshahara kabla ya mwenye mshahara. Kifungo cha 1913 hakikumaliza tatizo, na kifungo cha 2018 hakikulimaliza pia. Lililowapunguza wakopeshaji hawa lilikuwa leseni inayokaguliwa, pamoja na chama cha akiba kinachofanya kazi siku ya shida, na mfanyakazi anayejua haki zake juu ya akaunti yake.

Kwa hiyo kazi ya tawi, ya shule na ya chama cha wafanyakazi ni kuanza na jambo lililo karibu. Mkutano ujao wa mahali pa kazi uulize maswali matatu: ni wenzetu wangapi ambao kadi zao ziko mikononi mwa watu wengine, SACCOS yetu humchukua mwanachama siku ngapi kumpa mkopo wa dharura, na nani amepewa kazi ya kumsindikiza benki anayetaka kufunga kadi. Majibu yaandikwe katika muhtasari pamoja na majina ya watakaoyatekeleza.